Ofu Haifuti Malipo ya Sikukuu

Haya niliyasema Arusha tarehe 29 Aprili, mbele ya wafanyakazi wa hoteli, walinzi na wahudumu wa vituo vya mafuta. Nimeyaandika kwa ajili ya wale waliokuwa zamu jioni ile, nao walikuwa wengi kuliko waliokuja.

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wote, poleni na kazi.

Naomba kwanza waliofanya kazi siku ya Muungano, tarehe 26, wanyooshe mikono. Asanteni. Ni karibu ukumbi mzima. Sasa ishusheni, kisha anyooshe yule tu anayejua, bila kubahatisha, atalipwa shilingi ngapi kwa siku ile. Naona mikono minne. Nimekuja kwa ajili ya mikono ambayo haikunyooka.

Mimi nimepika kwenye hoteli za watalii kwa miaka kumi na moja. Kwetu ni Marangu, na mnajua Desemba ya kwetu ilivyo. Aliye Dar, aliye Mwanza, aliye Nairobi, wote wanapanda mlima. Mabasi yanajaa, viwanja vinafagiliwa, mbuzi anachinjwa, mtoto aliyezaliwa mwaka huo anapelekwa akaonwe na bibi yake. Kutoka hapa mpaka nyumbani kwetu ni mwendo wa saa chache tu, na kwa miaka sita mfululizo sikufika siku ya Krismasi hata mara moja, kwa sababu Desemba ndiyo wageni wanapojaa. Saa kumi na moja alfajiri niko jikoni nakata matunda. Jioni ikifika bado niko jikoni, mama amepiga simu, nasikia sauti za wanangu nyuma yake, nami namwambia nitapiga baadaye, sufuria iko motoni.

Silalamikii kazi. Hoteli haiwezi kufungwa wageni wakiwa ndani, kama hospitali isivyoweza kuwaambia wagonjwa warudi keshokutwa. Ninacholalamikia ni kilichofuata. Mwisho wa mwezi slipu yangu ya mshahara ilikuwa sawasawa na ile ya Novemba. Tuliouliza tuliambiwa, "Mtapewa ofu." Nikapewa ofu Jumatano moja ya Januari. Watoto wameshafungua shule, mama yuko shambani, mimi nimekaa chumbani peke yangu nafua nguo. Hiyo ndiyo ilikuwa Krismasi yangu. Mwaka mwingine tulipewa kilo mbili za mchele na lita moja ya mafuta ya kula, tukapigwa picha tukipokea. Nilishukuru, na nilishukuru kwa moyo wangu wote, kwa kuwa sikujua kwamba kulikuwa na kitu changu kingine ambacho sijapewa.

Kitu chenyewe kimeandikwa kwa sentensi moja tu, katika kifungu cha 25 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara. Kinasema kwamba mfanyakazi akifanya kazi siku ya sikukuu iliyotajwa katika sheria ya sikukuu za taifa, mwajiri atamlipa mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa aliyofanya kazi siku hiyo. Kifungu kimeishia hapo. Hamna neno ofu ndani yake, wala mchele, wala biashara ikiwa nzuri. Mwajiri akipenda kukuongezea siku ya kupumzika juu ya malipo hayo, Mungu ambariki, na mkubaliane siku inayokufaa wewe na wanao. Lakini ofu haifuti malipo. Mtu akikwambia uchague kati ya hivyo viwili, amekupa uchaguzi ambao sheria haikumpa yeye.

Ndugu zetu wa Zanzibar wana sheria yao ya ajira, ya mwaka 2005. Ukipata kazi Unguja au Pemba, isome ile, usiibebe hii kama ilivyo.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu haki isiyohesabiwa hubaki maneno. Mshahara wa msingi ni ule wa kazi ya saa zako za kawaida. Posho ya nyumba haimo, nauli haimo, na bakshishi za wageni hazimo. Sheria imeweka njia ya kuugeuza mshahara wa mwezi kuwa wa saa: chukua saa zako za kawaida za wiki, zidisha kwa 4.333, halafu ugawanye mshahara wa msingi kwa jibu hilo. Saa za kawaida kisheria hazizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Arobaini na tano mara 4.333 ni 195 kasoro kidogo sana. Tuseme mshahara wako wa msingi ni shilingi 390,000. Saa yako moja ni shilingi 2,000. Saa moja ya sikukuu ni shilingi 4,000. Saa tisa za sikukuu ni shilingi 36,000.

Hapo ndipo ubishi unapoanzia, na nawaeleza mapema ili usije ukakukuta hujajiandaa. Waajiri wengi husema hivi: wewe unalipwa kwa mwezi, sikukuu iko ndani ya mwezi, kwa hiyo mara ya kwanza imeshalipwa na mshahara, mimi naongeza mara moja tu. Wapo wanaokisoma kifungu vingine, kwamba hizo mbili zote ni za kuongezwa. Sitaki mgombane na mtu leo juu ya usomaji. Nataka muone kwamba hata ukimkubalia mwajiri hesabu yake iliyo ndogo kuliko zote, bado kuna shilingi 18,000 ambazo lazima zionekane kwenye slipu. Ukifanya kazi sikukuu kumi kwa mwaka, ni shilingi 180,000. Nusu ya mshahara, karibu. Huko ni kulipa ada, ni sare na viatu vya watoto wawili. Mimi kwa miaka sita nilibadilishana hayo na mchele.

Walinzi, hesabu yenu ina nyongeza. Wengi wenu mnasimama saa kumi na mbili. Saa tatu za mwisho hazimo kabisa kwenye mshahara wa mwezi, hata kwa hesabu ya mwajiri, kwa hiyo hizo haziwezi kusemwa zimeshalipwa mara ya kwanza. Kwa mfano wetu, saa tisa ni 18,000, na tatu zilizobaki ni 4,000 kila moja, yaani 12,000. Jumla 30,000. Na saa kumi na mbili kwa siku ndiyo mwisho wa sheria. Anayekuunganishia zamu mbili kwa kuwa mwenzako amekwenda Singida kula Pasaka, huyo ameshatoka nje ya sheria hata kabla ya kufika kwenye malipo.

Kuna jambo la usiku pia. Sisi kwa hesabu yetu ya Kiswahili siku huanza jua likizama. Usiku wa kuamkia Idi tunauita usiku wa Idi, na ni kweli, watu wanapika, watoto hawalali. Kalenda ya ofisi haihesabu hivyo. Inahesabu kuanzia saa sita ya usiku. Kwa hiyo anayeingia zamu saa kumi na mbili jioni ya tarehe 30 Aprili na kutoka saa kumi na mbili asubuhi ya Mei Mosi, ana saa sita za siku ya kawaida na saa sita za sikukuu. Nimeona slipu nyingi ambazo zamu ya namna hii imeandikwa yote kuwa ya tarehe 30, na yule anayeingia jioni ya Mei Mosi anahesabiwa yeye peke yake. Hizo saa sita hupotea kimyakimya, na anayezipoteza ni mtu aliyekesha. Tena kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili alfajiri ina nyongeza yake ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa, iwe sikukuu au isiwe.

Idi nayo ina mtihani wake kwenye ratiba. Mwezi unasubiriwa, tangazo linatoka usiku, ratiba ilishabandikwa ukutani tangu Jumatatu. Asubuhi msimamizi anasema hakuna malipo ya sikukuu kwa sababu ratiba ilipangwa kama siku ya kawaida. Ndugu zangu, sikukuu haitoki kwenye ratiba. Mwezi ukiandama na siku ikatangazwa kuwa Idi, uliyekuwa kazini umefanya kazi siku ya Idi. Vivyo hivyo kwa siku ambazo Rais anazitangaza kuwa za mapumziko, kama ile tarehe 23 Agosti 2022 ya Sensa. Uliza siku hizo, usiache zipite kwa kuwa hazimo kwenye kalenda iliyochapwa.

Nisiwadanganye pia kwa kuwapa upande mmoja. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, na sheria inasema sikukuu zikiangukia ndani yake zimo humohumo. Ukichukua likizo Desemba, usidai uongezewe siku za Uhuru, Krismasi na ya baada yake. Na wale mameneja wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu, sehemu hii ya sheria haiwahusu. Ila mtu aliyepewa fulana iliyoandikwa "supavaiza" na anaendelea kuosha vyombo na kubeba mizigo kama sisi, hajawa meneja kwa sababu ya fulana. Nawaomba waajiri wasitumie vyeo hivyo kukwepa malipo, na nawaomba wenzangu msivifurahie haraka.

Sasa niwaeleze kosa langu, maana ndilo lililonileta kwenye kazi hii ya chama cha wafanyakazi.

Nilipoacha kazi kwenye hoteli ile, dada mmoja aliyekuwa mapokezi hoteli nyingine alinionyesha slipu yake ya Desemba. Kulikuwa na mstari umeandikwa: sikukuu, saa 18. Nilimwuliza ni nini. Akanieleza kama anavyomweleza mtu aliyetoka kijijini jana. Usiku ule sikulala. Nilikaa nikahesabu kwa vidole: Krismasi sita, Pasaka zote, Idi nilizowashikia zamu rafiki zangu Waislamu ili nao waende kuswali na kukaa na watu wao, Saba Saba, Nane Nane, siku ya Nyerere. Asubuhi nikaenda kudai. Aliyenipokea alinisikiliza kwa upole, akaniuliza maswali mawili. La kwanza, madai haya ni ya lini? La pili, una nini cha kuonyesha?

Sikuwa na jibu zuri hata kwa moja. Madai ya kufukuzwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ndani ya siku 30. Madai mengine, pamoja na haya ya malipo, ni ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Siku sitini! Mimi nilikuwa nadai miaka. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima utoe sababu nzuri, na sababu yangu ilikuwa moja, kwamba sikujua. Kutojua sheria hakukunisaidia. Nikatoka pale na bahasha yangu, nikakaa kwenye kituo cha daladala, nikalia mbele za watu.

Kwa hiyo hesabuni nami. Muungano ilikuwa tarehe 26. Mshahara wa Aprili unatoka siku hizi mbili tatu. Ukiupokea na mstari wa sikukuu haumo, siku zako sitini zinaanza kwenda hapo. Mwisho wa Juni zimekwisha. Anza kwa kumwuliza mwajiri, kwa maandishi, hata ujumbe wa simu ni maandishi, na utunze jibu. Mara nyingi ni kosa la mhasibu na litarekebishwa. Lakini usikubali "tutaangalia mwezi ujao" mara mbili.

Na swali la pili, una nini cha kuonyesha? Sheria inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira yako kwa maandishi, na kila malipo yaende na karatasi inayoonyesha umelipwa nini. Mkifika kwenye shauri akashindwa kutoa mkataba au maelezo hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unakuwa wake. Hilo ni jambo kubwa, lishikeni. Hata hivyo hakuna atakayejua saa ulizosimama getini kama wewe mwenyewe hukuandika. Kitabu cha zamu kinabaki kwa mwajiri, na nimeona vitabu vikijaa na kupotea. Ratiba ikibandikwa, ipige picha kwa simu. Ukiingia andika, ukitoka andika. Na angalieni ukutani: kila mwajiri anatakiwa abandike mahali pa wazi tangazo la haki za mfanyakazi chini ya sheria hii. Kama halipo, liulizieni kwa adabu.

Mzee wangu pale mbele amenyoosha mkono tangu muda, najua anachotaka kuuliza, maana kila mkutano huulizwa. Nikidai si nitafukuzwa? Sheria inasema kumwachisha mtu kazi kwa sababu ametumia haki yake ya kisheria si sababu halali. Lakini nimekuwa mfanyakazi, najua sheria haisimami nawe getini usiku, na mtu mmoja akiuliza anaonekana mkorofi. Ndiyo maana nasema ulizeni pamoja. Wapishi wanane wakiweka majina yao kwenye barua moja, hakuna wa kunyooshewa kidole. Na chama kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa sehemu, mwajiri anapaswa kukitambua na kukaa nacho mezani. Hapo ndipo ule ubishi wa mara moja au mara mbili unapomalizwa: mnauandika kwenye mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, kwamba sikukuu italipwa hivi, ofu itatolewa ndani ya siku kadhaa, na nani atakwenda kwao Desemba hii na nani Desemba ijayo. Hili la mwisho linaniuma kuliko pesa. Mkristo amshikie zamu Mwislamu siku ya Idi, na Mwislamu amshikie Mkristo Krismasi, kwa mpango ulioandikwa. Sasa hivi wengi tunategemea huruma ya anayepanga ratiba.

Nina neno moja gumu, mnivumilie.

Wangapi hapa wana dada wa kazi nyumbani? Msinyooshe mikono, jibuni moyoni. Wewe uko hotelini siku ya Krismasi unasubiri malipo yako mara mbili. Nani yuko na wanao? Nani anapika pilau, anapokea shemeji na wifi, anaosha masufuria mpaka saa nne usiku? Yule binti ni mfanyakazi. Sheria hii ya 2004 haikumwacha nje. Ana siku yake ya kupumzika kila wiki, saa 24, na ana sikukuu zake kama wewe. Nilipoanza kazi ya chama nilirudi nyumbani nikamkuta wa kwangu, msichana kutoka Kondoa, siku ya Pasaka, amelala kwenye kochi na kanga imelowa maji. Nilikuwa nimemletea kitenge. Nikasimama mlangoni na kile kitenge mkononi, nikaona kilo mbili za mchele.

Kuanzia mwezi ule nikagawanya mshahara wake kwa saa, kwa njia ileile niliyowafundisha, na jumla haikunifurahisha, kwa sababu ilionyesha nilikuwa namlipa kidogo hata siku za kawaida. Nikarekebisha. Kuna wakati nilishindwa kumwacha aende Idi kwao kwa sababu nilikuwa zamu, nikamlipa saa zake, na Idi iliyofuata nikaomba ruhusa mimi ili aende yeye. Hatuwezi kwenda kwa mwajiri na kifungu cha 25 mkononi huku nyumbani tumekifungia kabatini.

Keshokutwa ni Mei Mosi. Wafanyakazi wa Chicago waligoma siku hiyo mwaka 1886 wakidai saa nane za kazi kwa siku, na watu walikufa katika siku zilizofuata. Wenzetu wataandamana na fulana na mabango, na wengine wenu mtakuwa mmesimama kwenye mageti ya benki zilizofungwa, jikoni, na kwenye pampu za mafuta wanakojaza magari ya kwenda uwanjani. Sitawaambia mwache lindo mje.

Wanaoingia zamu kesho saa kumi na mbili jioni, sikilizeni. Daftari ziko kwenye lile boksi pale mlangoni, na kalamu zimo, chama kimenunua. Kila mmoja achukue moja akitoka, na amchukulie mwenzake ambaye hakuja. Ikifika saa sita usiku, fungua ukurasa wa kwanza, andika tarehe 1 Mei, andika saa, andika jina la lindo.